Verner Suomi, Mwalimu Aliyeipa Dunia Jicho la Juu

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Katika kurasa hizi tumezoea kusoma maisha ya watu mashuhuri kama Mekatilili, Dedan Kimathi na Shaaban Robert, na wote hao wanastahili. Mara hii naomba niwaletee mtu ambaye pengine wengi wetu hatujawahi kumsikia, ingawa wanasayansi wa dunia nzima wanamjua na wanamwita baba wa elimu ya hali ya hewa kwa setilaiti. Huyu ni Verner Edward Suomi.

Mtauliza, Mmarekani huyu anatuhusu nini sisi watu wa Riruta? Anatuhusu sana. Ukitoka Kawangware ukifuata barabara ya Naivasha mpaka Dagoretti Corner, hapo kwenye barabara ya Ngong utayakuta makao makuu ya Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa. Wengi wetu tunapita hapo kwa matatu bila kugeuza hata shingo. Kumbe wataalamu wa idara hiyo wanapokea picha zinazopigwa kutoka angani, mchana na usiku. Kwenye picha hizo mawingu yanaonekana, lakini si mawingu tu. Vumbi likipeperushwa na upepo kutoka jangwani linaonekana. Msitu ukiungua, moshi wake unaonekana hata ukisafiri mamia ya kilomita. Na vumbi na moshi, ndugu zangu, sisi hatuhitaji kuhadithiwa. Mwezi wa Januari ukivaa shati jeupe asubuhi, kufikia saa kumi kola imekuwa kama imechovywa kwenye chai. Nyumbani kwetu mdogo wangu ana pumu, na upepo ukivuma vibaya ni yeye anayejua kwanza, kabla ya redio kusema lolote.

Basi tuanze mwanzo. Suomi alizaliwa tarehe 6 Disemba 1915 katika mji mdogo wa Eveleth, jimbo la Minnesota, kaskazini mwa Marekani. Ni mji wa machimbo ya chuma. Wazazi wake walikuwa wahamiaji kutoka Ufini, na hapa kuna jambo lililonichekesha. Katika lugha ya Kifini, nchi ya Ufini yenyewe huitwa Suomi. Kwa hivyo ni kama mtu wa kwetu azaliwe ughaibuni na aitwe Bwana Kenya.

Hakuwa mtoto wa tajiri wala hakuenda chuo cha kifahari. Alisomea ualimu katika chuo cha Winona, akahitimu mwaka 1938, kisha akafundisha sayansi na hisabati katika shule za sekondari. Naam, alikuwa mwalimu wa sekondari kama hawa wetu, na chaki mkononi! Ingekuwa vita havikuzuka, huenda angezeekea humo humo darasani. Lakini Vita vya Pili vya Dunia vilipoingia Marekani, nchi ile ilihitaji upesi watu wanaojua hali ya hewa, kwa maana marubani hawawezi kurushwa kipofu. Mwaka 1942 Suomi alikwenda Chuo Kikuu cha Chicago kusomea fani hiyo. Huko aliyeongoza mafunzo alikuwa Carl-Gustaf Rossby, bingwa mkubwa wa elimu ya upepo katika karne ile. Mwaka 1948 Suomi akahamia Chuo Kikuu cha Wisconsin katika mji wa Madison, na hapo ndipo alipokaa mpaka mwisho wa maisha yake.

Sasa sikilizeni kisa cha shamba la mahindi, kwa sababu bila shamba hilo mengine yote hayaeleweki. Suomi alipokuwa akitafuta shahada ya uzamifu, ambayo aliipata mwaka 1953, alichagua kuchunguza joto la shamba la mahindi. Watu wengine wangeona ni utani. Yeye alitaka kujua hivi: jua likiangaza shamba, joto linaloingia linakwenda wapi? Kuna linalopasha udongo, kuna linalokausha maji ya majani, kuna linalopasha hewa, na kuna linalorudi juu. Alitega vipimo vyake shambani akaanza kuandika hesabu, kama mama mboga anavyoandika kwenye daftari fedha zilizoingia na zilizotoka. Zilizoingia zisipolingana na zilizotoka pamoja na zilizobaki, kuna mahali pana kosa.

Kutoka shamba moja, fikira zake ziliruka zikafika kwenye dunia nzima. Dunia nayo inapokea joto kutoka kwa jua na inarudisha jingine angani. Je, hesabu yake ikoje? Shambani unaweza kusimama ukapima. Dunia nzima utaipima ukiwa umesimama wapi? Ilikuwa lazima utoke nje yake. Na bahati ikawa kwamba miaka hiyo hiyo watu walikuwa wameanza kurusha setilaiti. Warusi walirusha ya kwanza mwaka 1957.

Suomi alishirikiana na mhandisi mmoja wa chuo chake aitwaye Robert Parent. Wakaunda chombo kidogo cha kupimia joto ambacho siri yake ni rangi tu. Sehemu zake moja ilipakwa nyeusi na nyingine nyeupe. Nyeusi inanyonya mwangaza wa jua pamoja na joto la dunia. Nyeupe inarudisha mwangaza wa jua lakini bado inanyonya joto la dunia. Ukilinganisha hizo mbili unajua lipi ni la jua na lipi ni la dunia. Mwalimu wetu wa fizikia akitufundisha mambo ya sufuria nyeusi na nyeupe huwa tunapiga miayo, lakini ndiyo hayo hayo yaliyopanda angani.

Kupanda kwenyewe hakukuwa rahisi. Mwezi wa Juni 1959 roketi ya kwanza iliyobeba kifaa chao ilishindwa kufika. Mwezi wa Julai wakajaribu tena kwa roketi ya aina nyingine. Hiyo ilinyanyuka, ikapinda upande, ikabidi ilipuliwe baada ya sekunde chache tu isije ikaua watu. Miaka ya kazi ikawa vipande vya bati. Wengine wangerudi kwenye mahindi! Wao walitayarisha kifaa kingine, na tarehe 13 Oktoba 1959 setilaiti iitwayo Explorer 7 ikafika salama. Hapo ndipo kwa mara ya kwanza binadamu alianza kupima kutoka angani hesabu ya joto la dunia. Ilionekana wazi kwamba mawingu yanazuia joto lisitoke, mahali pamoja zaidi na pengine kidogo.

Lakini hicho kilikuwa kipimo, hakikuwa picha. Picha zilianza na setilaiti ya TIROS-1 iliyorushwa tarehe 1 Aprili 1960. Ilikuwa na kamera za televisheni na ilifanya kazi kwa siku 78. Watu walishangilia sana, na haki yao. Ila picha zake zilikuwa na tatizo moja. Setilaiti ile ilikuwa ikizunguka chini chini, ikipita mahali inapiga picha, halafu hiyo inakwenda zake. Mpaka irudi tena, mawingu yamekwisha kuhama. Ni kama mtu apigwe picha moja akiwa uwanjani, kisha wewe uulizwe mpira uliingia vipi.

Suomi alilitafakari jambo hili na akalipatia dawa, na mimi naona hapa ndipo akili yake ilipong'aa kuliko mahali pengine popote. Wahandisi wa simu walikuwa wameanza kurusha setilaiti mbali sana, karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta. Ukiwa umbali huo, setilaiti inazunguka kwa mwendo ule ule ambao dunia inajizungusha, kwa hivyo ukiitazama kutoka chini ni kama imesimama mahali pamoja. Yeye akasema moyoni, tukiweka kamera pale, setilaiti itatulia, na kitakachotembea ni hali ya hewa yenyewe.

Kulikuwa na kizuizi. Setilaiti hizo zilikuwa zikizunguka kama pia ili zisiyumbe, mara 100 kwa kila dakika. Sasa utapigaje picha ukiwa juu ya pia? Kila mtu aliona mzunguko ule kuwa adui. Suomi akaufanya mfanyakazi. Setilaiti ikizunguka mara moja, jicho la kamera linafagia dunia mstari mmoja mwembamba kutoka upande mmoja hadi mwingine. Kisha kamera inainama kidogo sana, na mzunguko unaofuata unafagia mstari ulio chini yake. Ni kama sisi tunavyosoma ukurasa, mstari baada ya mstari. Baada ya mistari ipatayo 2,000 na dakika 20 hivi, picha ya upande mzima wa dunia imekamilika, na kamera inarudi juu kuanza upya. Yeye na Parent walibuni kamera hiyo, na mwezi wa Disemba 1966, mwezi aliotimiza miaka 51, ilirushwa ndani ya setilaiti ya ATS-1. Mwaka uliofuata, mwezi wa Novemba, ATS-3 ikapanda na kamera ya rangi. Picha yake ya dunia nzima, yenye bahari za samawati na mawingu meupe, ilisambaa kila mahali.

Picha moja nzuri hata mchoraji anaweza kukutengenezea. Faida ya kamera ya Suomi ni kwamba baada ya picha ya kwanza inakuja ya pili, na ya tatu, mahali pale pale. Ukiziunganisha unapata sinema. Hapo ndipo vumbi na moshi vinapoingia, kwa sababu hivi viwili ni wajanja. Moshi uliokwisha kutawanyika unafanana na ukungu. Vumbi juu ya jangwa lina rangi moja na jangwa lenyewe, kwa hivyo ukitazama picha moja unaweza kuapa hakuna kitu. Lakini vinapotembea vinajisaliti. Moshi unaanza na ncha nyembamba mahali penye moto, halafu unapanuka kadiri upepo unavyousukuma. Rudisha sinema nyuma na utafika mlangoni kwa moto wenyewe. Vumbi nalo utaliona likinyanyuka kama pazia kutoka kwenye ziwa lililokauka au tambarare tupu, na ardhi chini yake imetulia.

Baadaye njia ziliongezeka. Kila kitu kinatoa miali ya joto ambayo macho yetu hayaioni, na kamera mpya zinaiona kwa aina mbalimbali. Vumbi linaathiri miali hiyo kwa namna tofauti na mawingu, basi kompyuta inalinganisha aina hizo na kulipaka vumbi rangi ya waridi. Hata juu ya jangwa haliwezi kujificha tena, hata usiku. Moshi mwepesi ni mgumu zaidi, kwani miali ya joto inaupenya. Mchana utauona kwa mwanga wa jua, lakini usiku kinachoonekana ni moto uliouzaa, uking'aa kama nukta.

Bara letu lilionja matunda ya kazi hii mapema. Mwaka 1974 wanasayansi wa nchi nyingi walikusanyika mjini Dakar, Senegal, na meli zipatazo 40, kuchunguza hali ya hewa ya tropiki juu ya Atlantiki. Suomi alikuwa mmoja wa viongozi wa mpango mkubwa wa dunia uliozaa utafiti huo. Setilaiti iliyorushwa mwezi wa Mei mwaka huo ilikuwa na kamera iliyotokana na ile yake, na ikawa inatazama bahari hiyo bila kupepesa. Huko Madison kikundi chake kilikuwa kimetengeneza programu ya kompyuta iitwayo McIDAS, ya kuunganisha picha na kufuata wingu moja moja ili kujua kasi ya upepo. Vumbi la Sahara linavuka bahari ile kila mwaka. Kuna bonde huko Chad, Bodélé, ambalo vumbi lake hufika hadi msitu wa Amazon. Nani angeamini kama lisingefuatwa kwa picha?

Kisha mnamo Novemba 1977 nchi za Ulaya zikarusha Meteosat ya kwanza, ikatulia mkabala wa Ghuba ya Guinea ikiitazama Afrika uso kwa uso. Nayo ilizunguka mara 100 kwa dakika na kufagia mistari vile vile. Kizazi cha pili cha Meteosat kilianza Agosti 2002, picha moja kila dakika 15. Mwaka 2022 mojawapo ya hizo, Meteosat-9, ilihamishiwa juu ya Bahari Hindi mkabala wa Somalia, kwa hivyo Kenya ikawa karibu na katikati ya picha yake.

Nchini kwetu kazi ya kufuata vumbi iko zaidi kaskazini. Kati ya milima ya Ethiopia na ile ya Kenya upepo unapenya kwa nguvu kama maji kwenye mfereji. Ndio upepo huo unaozungusha mitambo 365 ya umeme kule Loiyangalani, iliyozinduliwa rasmi mwaka 2019. Upepo huo huo ukipita Chalbi wakati wa kiangazi unabeba jangwa mgongoni. Kwa upande wa moshi, kuanzia Juni hadi Septemba mashamba na nyika za Angola, Zambia na kusini mwa Kongo huwaka sana, na moshi wake huonekana ukienda mbali. Mlima Kilimanjaro ulipowaka moto Oktoba 2020, setilaiti zilionyesha mahali moto ulipo siku baada ya siku.

Suomi alitunukiwa Nishani ya Taifa ya Sayansi ya Marekani mwaka 1977. Kituo cha sayansi ya anga alichokianzisha Madison mwaka 1965 alikiongoza hadi 1988. Hata sayari ya Zuhura alifikisha kipimo chake cha joto, mwaka 1978, lakini hiyo ni hadithi ya siku nyingine. Aliaga dunia tarehe 30 Julai 1995 akiwa na umri wa miaka 79.

Mwezi wa Oktoba 2011 Wamarekani walirusha setilaiti mpya, na Januari 2012 wakaipa jina lake, Suomi NPP. Hii haikai mbali kama zile nyingine. Inapita kilomita 824 tu kutoka ardhini, kutoka ncha moja ya dunia hadi nyingine, mara 14 kwa siku. Kamera yake, ambayo baadaye iliwekwa pia kwenye setilaiti za NOAA-20 na NOAA-21, inaona upana wa kilomita 3,000 kwa mara moja, na imekuwa msaada mkubwa wa kugundua moto, moshi na vumbi. Inapita juu ya ikweta yapata saa saba unusu mchana, na saa saba unusu usiku. Saa saba unusu mchana! Yaani wakati sisi tumepanga foleni ya githeri.

Lakini nisiwadanganye kwamba jicho hilo linaona yote. Nukta yake ndogo kabisa ni mita 375. Ndani ya mita 375 za Kawangware kuna nyumba ngapi, jiko ngapi za makaa, na marundo mangapi ya takataka yanayochomwa? Yote hayo kwake ni nukta moja. Tena inatazama kutoka juu, haiwezi kwa urahisi kukwambia kama moshi uko puani mwako au uko kilomita tatu juu ya paa. Kukiwa na mawingu, na Nairobi mwezi wa Julai mawingu ndiyo mablanketi yetu, haioni lolote chini yake. Na moshi wetu mbaya zaidi ni wa saa kumi na mbili asubuhi, hewa ikiwa baridi na imetulia, kila nyumba ikiwasha jiko. Kufikia saa saba unusu upepo umeshautawanya. Mdogo wangu amekohoa na kumaliza, na picha ni safi.

Ndiyo maana mimi narudi kwenye lile shamba la mahindi. Kabla Suomi hajapanda juu alipima chini. Muhula uliopita mimi na wenzangu wawili tulichukua kadi nyeupe tukazipaka mafuta mazito ya kujipaka, tukazitundika kwa juma moja mahali patatu: kwenye ua la shule kando ya barabara, nyuma ya ofisi ya walimu, na jikoni kwetu juu kidogo ya dirisha. Ya barabarani ilitoka ya kahawia, ya ofisini karibu nyeupe. Ya jikoni ilikuwa nyeusi tititi. Muhula huu tunaongeza kadi nyingine sita, na tumeanza kuandika kila asubuhi upepo unatoka upande gani. Mwenye nafasi ya kutundika kadi nyumbani kwao, hasa upande wa Congo na Kibera, atuone katika Kidato cha Tatu.